Kozi ya Mombasa

Giakanja,
9 Februari 2025

Mjukuu wangu Wakiuru,

Pokea salamu za nyumba hii. Tu wazima, isipokuwa ng'ombe mweusi anayekataa kukamuliwa na mtu yeyote ila Kabura. Kabura mwenyewe anakusalimu. Bado ananipikia, bado ananigombeza, na jana kaniambia kwamba nikiendelea kubakiza chakula atampa mbwa kiti changu. Kahawa imechanua vibaya. Mlima, kwa upande wake, umejionyesha kila asubuhi wiki hii, kama mtu mwenye nguo mpya.

Masikio yangu, kama ujuavyo, yamefunga duka. Baba yako akinipigia simu hupaza sauti mpaka majirani wanajua habari zake kabla yangu. Ndiyo maana nimerudi kwa kalamu. Utanisamehe mwandiko. Mikono yangu hutetemeka, na hilo si jambo la leo.

Barua hii inaletwa na Bile, mnunuzi wa ng'ombe, ambaye nimegundua kwamba mkewe Habon ndiye mwenye nyumba unayopanga huko Nanyuki. Alipotaja jina lako nilimshika mkono pale sokoni nikakataa kumwachia hadi aniandikie kwenye karatasi unaendeleaje. Aliandika: "Alikuwa hospitali. Sasa afadhali."

Baba yako aliniambia ni malaria. Wakiuru, nilifundisha Biolojia hadi nikastaafu. Malaria ya Nanyuki ni ya ajabu kidogo, kwa sababu mbu wenyewe hawaipendi baridi hiyo.

Sikuulizi neno. Nakuambia tu kwamba Bile hupita hapa siku za soko, na kwamba karatasi ninazo.

Cucu wako,
Wakiuru wa Mutahi


Nanyuki,
2 Machi 2025

Cucu mpendwa,

Wi mwega? Mimi niko. Habon anakusalimu sana. Amesikia ulimshika mumewe mkono mbele ya watu, na anasema angekuwa mwanamke mwingine angeuliza maswali. Hapa ni kavu, vumbi linaingia hadi kwenye unga. Nimerudi kazini. Sasa tunafuma mazulia ya hoteli moja, sufu nyeupe na kahawia tu, hawataki rangi.

Si malaria. Ulijua.

Mwezi wa kumi na moja niliacha kuhitaji usingizi. Nilikuwa na furaha, Cucu, lakini ilikuwa furaha isiyo na mlango wa kutokea. Nilichovya sufu katika rangi zote tulizokuwa nazo na kufuma zulia ambalo halikuwa na mwanzo wala mwisho. Niliahidi mazulia kwa watu ambao hawakuyaomba. Koti langu nilimpa mtu, simu nikampa mwingine, na godoro nililibeba kichwani hadi barabarani nikatafuta wa kumpa. Habon alinifuata akipiga kelele, "Wewe! Hilo godoro ni langu!" Nikamwambia nitamnunulia kiwanda cha magodoro. Kisha nikaanguka chini kwa kiasi kilekile nilichokuwa nimepanda. Krismasi sikuiona, nilikuwa nimelazwa.

Ugonjwa huu wanauita bipola. Nimepewa tembe, lithiamu, na kila Alhamisi naenda kuongea na mshauri anayeitwa Murugi. Haniambii la kufanya. Anauliza swali dogo halafu ananyamaza, mpaka najikuta nimejibu.

Mama anasema tuombe. Baba hasemi kitu. Maisha yangu yote, kwa kuwa nina jina lako, ameniita Maitu, mama yangu, hata akinichapa alikuwa akisema, "Maitu, nisamehe lakini utanyooka." Tangu nitoke hospitali hajaniita hivyo. Ananiita Wakiuru, kama karani wa chifu anayeita watu kwenye foleni.

Murugi aliniuliza habari za jina langu. Nikakumbuka jambo ambalo kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelisimulia: kwamba nilipozaliwa ulikataa nisipewe jina lako, na kwamba hukuja kunibeba hadi nilipoanza kuota meno. Cucu, kwa nini?

Wako,
Wakiuru


Giakanja,
6 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Mvua imekuja, na imekuja na matusi. Imeangua ndizi zote za upande wa chini na kumfungia Bile barabara, ndiyo sababu ya kimya hiki. Ng'ombe amezaa dume. Kabura amenuna siku nzima kana kwamba ni mimi niliyemzaa. Kanisani wamechagua wazee wapya wa halmashauri na wote ni vijana niliowahi kuwachapa kwa kutojua sehemu za ua.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Umeandika vizuri. Ulifanya vema kuniambia.

Je, unalala? Lala, hata kama kazi haijaisha. Kunywa maji ya kutosha, hasa siku za jua. Na chumvi katika chakula usipunguze ghafla, wala usizidishe.

Mengine tutayaongea.

Cucu wako


Nanyuki,
27 Aprili 2025

Cucu,

Natumai mko salama na huyo dume amepata jina. Hapa kumekuwa kijani kwa ghafla. Habon amefungua duka la pili na sasa anatugombeza katika sehemu mbili.

Kwanza, umejuaje mambo ya chumvi? Murugi alisema vilevile, kwamba maji na chumvi vikibadilika dawa inabadilika ndani ya damu. Mama ni nesi na hakuniambia. Wewe uliyafundisha wapi, Kidato cha pili?

Pili, mikono yangu inatetemeka. Wanasema ni tembe. Nikipitisha uzi unakatika, nikiunga unakatika tena. Msimamizi alinitazama akasema, "Wakiuru, hili ni zulia au ni wavu wa kuku?" Wenzangu wakacheka, na mimi pia, lakini nilikwenda kulia chooni. Mimi nina mikono tu, Cucu. Sina shahada kama kaka yangu Mutahi. Na niko sawa sasa. Nalala, nakula, nacheka. Mtu akipona malaria anaendelea kumeza dawa ya malaria? Kuna mchungaji hapa anasema tembe ni kukosa imani. Simwamini sana, lakini mikono yangu naiona.

Murugi alinifundisha kufunga macho na kwenda mahali patulivu nikihisi moyo unakimbia. Aliniambia nichague mahali. Nilichagua bahari uliyokuwa ukitusimulia, ya ulipokwenda kozi ya walimu Mombasa: jinsi maji yanavyorudi nyuma na kuchota mchanga chini ya nyayo, mpaka unajiona unasafiri na umesimama. Hunisaidia kuliko tembe.

Ulisema mengine tutayaongea. Na nani, Cucu, na wewe husikii?

Wakiuru


Giakanja,
14 Julai 2025

Mjukuu wangu Wakiuru,

Dume anaitwa Waziri kwa sababu anakula na hafanyi kazi. Kahawa tumechuma kidogo, lakini nzuri. Kabura amekuwa mpole, na hilo ndilo lililonipa hofu kuliko maneno ya madaktari. Nilikuwa nimelazwa Nyeri mwezi wa Mei na sehemu ya Juni. Nilimkataza baba yako asikuambie, na kwa kunitii mimi, amekukosea wewe. Figo zangu zimechoka. Walitaka kunifunga kwenye mashine ya kusafisha damu, nikawaambia asante, hapana. Usilie bado. Nimeshiba, mtoto wangu. Nakaa uani na blanketi magotini, naota jua, na sidai chochote kwa mtu.

Sasa nitajibu ulichouliza, na nitakijibu chote, kwa sababu nikinyamaza tena nitakuwa nimekuacha peke yako.

Sijawahi kuiona bahari.

Mwaka 1975, baba yako akiwa na miaka mitano, nilisimama mbele ya darasa asubuhi nikaanza kufundisha usanidimwanga. Sikuwaruhusu wasichana kwenda kula. Ubao ulipojaa niliandika ukutani, ukuta ulipojaa nikaandika mlangoni, na walipokuja kunichukua nilikuwa naandika kwenye gari la mwalimu mkuu, nikiwa na furaha ileile unayoijua, isiyo na mlango. Babu yako Mutahi alinipeleka hospitali Nairobi. Kwa watu alisema nimekwenda kozi ya walimu Mombasa. Alichagua Mombasa kwa sababu hapakuwa na mtu wa Giakanja ambaye angefunga safari hadi huko kunisalimu.

Nilipoanguka kutoka ile furaha niliacha kula na kusema. Walinitibu kwa umeme wa kichwani. Usishtuke. Walinilaza usingizi kwanza, na niliamka na ladha ya chuma mdomoni. Matibabu hayo yalinitoa shimoni, siwezi kuyasema vibaya. Yalichukua kitu pia. Mwaka ule na michache iliyotangulia ina matundu kama blanketi lililoliwa na nondo. Siikumbuki siku baba yako alipotamka neno lake la kwanza, Maitu. Naijua kwa kuambiwa.

Kisha wakanipa lithiamu. Ndiyo, tembe hizohizo. Nilirudi shuleni na chaki ikawa inagonga ubao kama kuku anayedonoa. Wasichana waliniita Cherehani. Nilikwenda kwa daktari nikiwa nimekasirika, na badala ya kuniachisha alinipunguzia kidogo, akapima damu, akapunguza tena, mpaka tukafika mahali ambapo mkono ulitetemeka lakini uliandika. Nenda ukamwambie daktari wako habari ya nyuzi. Usiende kwake ukiwa umeshaamua. Mwambie, kisha mtafute pamoja. Malaria ikipona imeondoka. Huu wetu hulala tu, nao husikia mtu akitupa tembe.

Na palikuwa na mtu wa kuongea naye. Aliitwa Bi Anita, mzaliwa wa Malindi, mwembamba, mwenye subira ya paka. Tulikaa bustanini. Naye aliuliza maswali madogo akanyamaza. Kwake nilijifunza kuzijua dalili zangu kabla hazijanijua: nikianza kuandika maoni marefu kwa wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto, hatari imeingia. Tulikubaliana na babu yako kwamba akiona hivyo asinigombeze, aseme tu, "Mwalimu, kengele imelia." Basi nilifunga vitabu nikaenda kulala, na kesho yake tukaenda kliniki. Kengele ile ililia mara chache katika maisha yetu, na kila mara niliichukia, na kila mara ilikuwa kweli. Tafuta mtu wa kukupigia kengele.

Bahari ni ya Bi Anita. Nilipohema kwa hofu alinifunga macho kwa maneno na kunipeleka pwani kwao, maji yakirudi nyuma na kuchota mchanga chini ya nyayo. Niliporudi Giakanja na watu wakaniuliza habari za Mombasa, nilikuwa na bahari ya kuwapa. Kwa hiyo huko unakokwenda ukifunga macho hakuna uongo. Umepafikia kwa njia ileile niliyopita.

Sasa jina. Ulipozaliwa, desturi yetu haikuuliza mtu: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Nilijua vizuri kwamba jina halibebi ugonjwa. Lakini nilijua pia kwamba damu huweza kubeba, nikaogopa kwamba siku ukiugua watu watasema, "Si amepewa jina la yule? Angetegemea nini?" Nikamwambia baba yako akuite jina la upande wa mama yako. Alidhani nimekudharau. Alikuita langu hata hivyo. Nilikaa nyumbani kwa aibu na hofu, si kwa kukukataa. Nilipokuja hatimaye na kukubeba, ulikikamata kidole changu kinachotetemeka ukacheka sana, ukidhani nakuchezea.

Limebaki moja, nalo ningependa kuliruka. Tembe hizo, kwa miaka yote hiyo, ni mojawapo ya vitu vilivyochosha figo zangu. Zamani nilipimwa damu mara chache. Pengine kliniki haikuwa na kipimo, pengine mimi niliona haya kuonekana kwenye benchi lile. Walipogundua wakanibadilishia dawa, lakini figo zilikuwa zimeshaamua. Wewe usikose kipimo hata kimoja, na ukae kwenye benchi katikati, si pembeni.

Ningeweza kukuficha hili ili uzimeze bila hofu. Lakini umefichwa vya kutosha. Nikirudishwa leo 1975 na kuambiwa bei, ningefungua mdomo nizimeze. Nilimlea baba yako. Nilizeeka na babu yako. Nilifundisha wasichana ambao sasa ni madaktari, na mmoja wao ndiye aliyenishika mkono Nyeri nikilazwa. Nilikubeba wewe.

Uniandikie, hata kama umekasirika.

Cucu wako,
Wakiuru


Nanyuki,
10 Agosti 2025

Cucu wangu,

Nashukuru kwa salamu, na mwambie Kabura asiwe mpole, anatisha watu.

Nilikasirika siku mbili. Nilimkasirikia Baba, nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia hata huyo Waziri. Kisha nikacheka mpaka Habon akaja mbio, akidhani imeanza. Nilikuwa naisoma tena barua yako, nimefika pale pa gari la mwalimu mkuu.

Sasa yangu. Nilipokuandikia mwezi wa nne kwamba nafikiria kuacha tembe, nilikuwa nimeshaacha. Nilizitupa chooni. Mikono ikatulia, nikafuma vizuri ajabu, lakini nikakuandikia kwamba bado inatetemeka, tena nikaandika "nalala, nakula" na nilikuwa silali. Habon ndiye aliyeona. Alisimama mlangoni akanitazama, akasema, "Wakiuru, leo macho yako yanakimbia. Yanaenda wapi bila wewe?" Nikamwambia aniache. Akasema, "Nikuache ugawe magodoro tena? Vaa viatu." Alifunga maduka yote mawili akanipeleka kliniki. Sikulazwa. Ndiyo maana sikuandika, niliona aibu, na wakati huo wewe ulikuwa umelala hospitali huko Nyeri ukiona aibu yako. Tunafanana kweli.

Barua yako niliipeleka kwa Murugi Alhamisi, kisha kwa daktari. Nilimwambia habari ya nyuzi kama ulivyosema. Amepunguza kidogo na kupima, tutapima tena mwezi ujao. Nilimuuliza kuhusu figo bila kuzunguka. Alinijibu bila kuzunguka: ni kweli, ndiyo maana wanapima, na zikianza kulalamika kuna dawa nyingine. Mikono bado inatetemeka, lakini nimeomba kuhamia kwenye uzi mnene, na huo haukatiki. Msimamizi anasema zulia langu sasa lina pindo linalotembea. Mzungu wa hoteli amelipenda, anadhani ni mtindo.

Nilimpa Habon kazi ya kengele. Alikubali haraka mno. Sasa nikinunua hata sabuni mbili anasema, "Kengele!" Itabidi tumfundishe.

Bado naenda baharini nikifunga macho. Nilidhani itakauka ukishaniambia. Haikukauka. Sasa kuna mwanamke mwembamba amekaa mchangani na wewe.

Cucu, Baba anajua? Alikuwa na miaka mitano. Alikuona ukichukuliwa?

Nakupenda. Nimemeza ya leo.

Wakiuru


Giakanja,
28 Septemba 2025

Mjukuu wangu,

Mwandiko huu ni wa Kabura. Mkono wangu umestaafu. Nimemwambia aandike ninavyosema na asiongeze yake. (Mimi Kabura nasema Cucu hali vizuri.) Tumekubaliana hilo libaki.

Ninadhoofika bila maumivu makubwa. Daktari huja, ananishika mkono, tunaongea habari za maua. Nalala mchana kama paka, na nikiamka mlima upo.

Niliisoma barua yako ya mwezi wa nane nikamwita baba yako kutoka kwake Skuta, Nyeri mjini. Alikaa kwenye kigoda karibu na sikio langu zuri. Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba sikwenda Mombasa. Akatoa mfukoni kombe la baharini, lile nililomletea nilipotoka hospitali akiwa mdogo. Sikujua bado analo. Akalipindua. Upande wa chini limechorwa twiga, na chini ya twiga imeandikwa NAIROBI.

Hamsini, Wakiuru! Miaka hamsini, na sikuwahi kulipindua.

Akaniambia, na kwa vile sisikii ilimbidi apige kelele, "NILIJUA, MAITU! NILIJUA TANGU NILIPOJUA KUSOMA! NILIKUONA UKICHUKULIWA! NILIOGOPA NIKISEMA WATAKUCHUKUA TENA!" Mwanamke wa jirani aliacha kupukuchua mahindi. Mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya bonde alitoka nje. Siri tuliyoilinda mimi na babu yako sasa inajulikana Giakanja nzima hadi sokoni, na jioni hiyo walikuja watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka kuniuliza habari za kliniki kwa ajili ya mtu wao. Nimewaambia wakae kwenye benchi katikati.

Nilimuuliza baba yako kwa nini ameacha kukuita Maitu. Alilia. Alisema siku alipokuona hospitali jina hilo lilimkwama kooni, kwa sababu alikuwa ameona mama mmoja akichukuliwa na hakuweza kumtazama wa pili. Nikamwambia, "Gathogo, wa kwanza alirudi. Mtazame."

Kombe ameniachia mimi nikupe wewe. Barua hii haiji na Bile. Baba yako anakuletea mwenyewe, Alhamisi, na kama Murugi anaruhusu angependa kuingia na kukaa kwenye kiti hicho cha maswali madogo. Ana aibu. Usimcheke mpaka akae.

Mimi nimemaliza ya kusema, na nashangaa jinsi kifua kilivyo na nafasi. Jina langu nakuachia lote, na kutetemeka kwake, na kengele yake, na watoto wake wa shule. Lilinifaa.

Baba yako atagonga mlango. Lisikilize neno la kwanza atakalosema, kisha uniandikie haraka.

Cucu wako


Nanyuki,
Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Cucu,

Salamu baadaye, Bile ameshawasha gari.

Amegonga. Nilikaa kimya ndani nisikie. Akagonga tena, akasema, "Maitu, fungua, baridi ya kwenu inaniua."

Nimefungua.

Wakiuru